Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi: paneli tunazo, tunaomba elimu

Kwa:
Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi,
Wakurugenzi Watendaji wa Halmashauri za mikoa hii miwili,
Wakala wa Nishati Vijijini (REA),
VETA,
Viongozi wa vyama vikuu vya ushirika vya korosho.

YAH: ELIMU YA UMEME JUA VIJIJINI

Waheshimiwa, salaam.

Mimi ni fundi. Nilianza na redio, zikaja simu, na sasa kazi yangu kubwa ni sola. Kibanda changu kipo kijiji kimoja cha Tandahimba, juu ya Uwanda wa Makonde, pembeni ya ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Kwa hiyo kila mkulima mwenye shida na sola yake hunipitia akienda kuulizia malipo yake ya korosho. Nisemayo humu nimeyaona mezani kwangu.

Naomba jambo ambalo halina jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Naomba mtufundishe. Vifaa vya sola huku vimejaa. Nenda Masasi, nenda Newala, nenda Mtwara mjini, nenda Lindi: maduka yamepanga paneli nje toka asubuhi, na msimu wa korosho ukichanganya zinakuja hadi kwenye magulio yetu juu ya bodaboda. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia mnunuzi anachonunua, na mtu wa kumwambia namna ya kukitunza akishakifunga.

Niwape haki yenu kwanza. Umeme wa REA umefika kijijini kwetu, na waliokuwa karibu na nguzo waliunganishwa kwa shilingi 27,000, bei ambayo hata mzee wa kulima muhogo anaweza kujikamua. Lakini nguzo zimefuata barabara: ofisi ya kijiji, shule, zahanati, maduka matatu. Ukiingia ndani kwenye vitongoji, giza ni lile lile. Nchi hii ina vijiji 12,318, na vitongoji vinazidi 64,000. Kufikisha nguzo kijijini ni kazi moja, kuifikisha kitongojini ni kazi nyingine, na ninyi mnalijua hilo kuliko mimi.

Wapo watakaosema tusubiri, gridi inakuja. Hewala, ije. Ila mtu wa kusini akiambiwa asubiri nishati ana sababu zake za kutabasamu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982, bomba la kuipeleka Dar es Salaam lina zaidi ya kilomita 500, na ya Mtwara ya mwaka 2013, zile ghasia za kupinga bomba hilo, sote tunayakumbuka. Siyafukui. Nasema tu kwamba huku watu walishaamua kujinunulia jua lao wenyewe, na uamuzi huo hautafutika hata nguzo zikifika mlangoni. Umeme ukikatika usiku, nyumba inayobaki na taa ni ya yule mwenye betri.

Sasa niwapeleke kibandani.

Anakuja mzee, amebeba paneli begani kwa kitenge. "Mjomba, hii sola imelala." Nageuza mgongo wa paneli, naona karatasi imeandikwa wati 250. Naichukua futi ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani, naipima: urefu sentimita 67, upana sentimita 54. Hapo hata multimita, kile kipima umeme, sijaishika, jibu nimeshalipata. Jua la saa sita mchana lisilo na wingu linamwaga kama wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri ya siku hizi inageuza kuwa umeme kama sehemu moja ya tano ya hizo, au inazidi kidogo tu. Kwa hiyo mita moja ya mraba inatoa wati 200, ikiwa bora sana 220. Paneli ya mzee huyu ni kama theluthi moja ya mita ya mraba na kidogo juu yake. Haiwezi kuzidi wati 80, hata ingebandikwa karatasi ya dhahabu. Mzee ameuziwa 250.

Hesabu hiyo ni kuzidisha na kugawanya. Mtoto wa darasa la sita anaiweza. Lakini mzee hakuna aliyemwambia kwamba ukubwa wa paneli unaipinga karatasi yake, na muuzaji anajua hivyo, ndiyo maana anabandika tarakimu anayoitaka.

Betri nazo zina yake. Betri ya risasi na tindikali ya volti 12 iliyoandikwa saa-ampea 100 (kipimo cha umeme unaokaa ndani yake) inatakiwa iwe na uzito wa kama kilo 28 hadi 30, kwa sababu umeme wake unakaa kwenye risasi, na risasi ni nzito. Huku zinakuja betri za "100" ambazo mama anazibeba kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika mtoto. Kila kijiji cha korosho kina mzani. Ule mzani wa AMCOS tunaogombania gramu zake kila msimu ungeweza kufichua betri ya uongo ndani ya dakika moja: ikiwa haifiki hata kilo 25, rudisha dukani. (Betri za lithiamu ni habari nyingine, zenyewe ni nyepesi kwa haki, hazifiki hata nusu ya uzito huo. Nalo ni somo, maana wapo wajanja walioanza kuuza betri nyepesi ya risasi kwa jina la lithiamu.)

Tuseme basi mzee kanunua vitu halali. Bado ana safari. Taa nne za wati 5 zikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku ni wati-saa 100. TV ndogo na king'amuzi, wati 40 hivi kwa saa tano, ni 200. Simu tatu, weka 30. Jumla 330. Paneli yake ya wati 80, kiangazi hiki cha kwetu chenye saa tano za jua la nguvu, ukitoa upotevu wa waya, joto na betri yenyewe, inamrudishia kama 280. Yaani hata siku njema anakula zaidi ya anachovuna, na kila usiku betri inalala na deni.

Halafu tazameni kalenda. Korosho zinauzwa Oktoba, Novemba, Desemba. Fedha zikiingia ndipo sola zinanunuliwa. Sola mpya, taa zinawaka, TV inaonyesha mpira, nyumba imejaa majirani. Kabla hata raha haijakolea, mvua zimeshika. Januari hadi Aprili kuna siku mawingu yanakaa juu ya uwanda huu kutwa nzima, na siku hizo paneli inatoa nusu au pungufu ya nusu. Matumizi hayapungui, kwa sababu hakuna aliyesema yapungue. Betri ya risasi ikipumzika na volti 12.7 imejaa, ikiwa na 12.2 imebaki nusu. Ukiishusha chini ya hapo usiku baada ya usiku bila kuijaza, sahani zake za ndani zinafanya ugaga mgumu ambao chaji ya kawaida haiutoi tena. Mei jua linarudi, betri hairudi. Ndiyo maana mimi biashara yangu ya betri zilizokufa inachangamka kila mwaka baada ya Pasaka, na mnunuzi anaamini sola ni vitu vya msimu mmoja.

Kontrola ipo kwa ajili hiyo, kukata umeme kabla betri haijashuka sana. Lakini fundi wa haraka haraka akifunga inveta ya TV, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, anaichomeka moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, na inveta nyingi hazikati mpaka volti zifike 10.5, hapo betri imeshaumizwa. Nimekuta hata nyumba ambazo kontrola imeng'olewa kabisa. Ukiuliza, kijana anakujibu kwa kujiamini: "Hii ilikuwa inatuzuilia umeme, fundi." Ilikuwa inazuia kweli. Kazi yake ndiyo hiyo.

Nina mfano mmoja zaidi, kwa sababu huu haupo kwenye kijitabu chochote kinachokuja ndani ya boksi. Sisi tupo kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Kwa sehemu kubwa ya mwaka jua linapita upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo paneli inatakiwa ielekee kaskazini, imelala kwa nyuzi kama 10 au 15 ili mvua iisafishe. Ila kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi karibu tarehe 20 Februari, jua la saa sita linakuwa juu ya kichwa au limeegemea kusini kidogo. Na ndiyo miezi watu wanayofunga sola zao! Fundi anatazama juu, anaona jua lipo kusini, anainamisha paneli kusini. Vijitabu vingine navyo, vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini ya dunia, vinamwunga mkono. Inapofika Juni jua limehamia kaskazini, zaidi ya nyuzi 30 kutoka utosini, na paneli imelipa mgongo. Nilipoanza kugeuza paneli za watu, wengine walidhani natafuta kisingizio cha kulipwa. Saa sita ya Juni, paneli iliyoinamishwa kusini inaweza kupoteza theluthi moja ya umeme ambao ingeupata ikitazama upande wake. Kuigeuza hakugharimu chochote zaidi ya ngazi na spana.

Yapo na ya huku kwetu peke yake. Miezi ya kupulizia mikorosho, unga wa salfa unatembea na upepo na kutua juu ya kila bati na kila paneli. Watu wa Msimbati na Kilwa wana chumvi ya bahari inayokula vichwa vya waya. Hayo mwalimu kutoka mbali hatayajua, na sisi tunaoyajua hatujawahi kuulizwa.

Sasa nizungumzie miradi yenu, na ya wafadhili mnaowapokea. Ipo taasisi moja ya umma, si mbali na kwangu, sitaitaja, ilifungiwa sola nzuri kweli. Paneli halali, betri halali, inveta ya nguvu. Wageni walikuja, hotuba zikasomwa, tukapiga vigelegele. Baadaye mtu akachomeka pasi. Inveta ikajizima, kama ilivyoundwa ijizime. Hapakuwa na yeyote pale aliyefundishwa kuiwasha tena. Wakapiga simu kwa mkandarasi, mkandarasi yupo Dar, akasema muda wa dhamana umepita. Mfumo ule ulikaa kimya mvua zikaja zikaisha, betri zikafa kwa kukaa bila chaji, na kilichokuwa tatizo la kubonyeza swichi kikawa tatizo la mamilioni. Kibao cha uzinduzi bado kinang'aa. Nilipoomba kuona mkataba wa kazi ile niliambiwa hainihusu, lakini aliyeusoma aliniambia kwa mdomo wake kwamba ndani yake kulikuwa na vifaa, usafiri na ufungaji. Mafunzo hayakuwemo. Vipuri havikuwemo. Hata fyuzi ya akiba.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza kwenu linahusu karatasi tu: mradi wowote wa sola utakaoingia kwenye zahanati, shule au kisima katika mikoa hii, halmashauri isiusaini mpaka mkataba utaje watu wawili wa kijiji hicho hicho watakaofundishwa, siku ngapi, na boksi la vipuri litakaloachwa. Zahanati yenye jokofu la chanjo haiwezi kusubiri gari kutoka Dar. Mei 2024, wakati wa mvua zilizofuatana na Kimbunga Hidaya, barabara yetu ilikatika Somanga na kusini nzima ikabaki upande huu. Siku kama hizo fundi wa kijijini ndiye serikali.

Mtauliza watu hao mtawatoa wapi, wengi wetu shule hatukufika mbali. Jibu limeshatolewa na wanawake wa mikoa hii hii. Zaidi ya miaka 10 iliyopita, akina mama wa vijiji vya Mtwara na Lindi walipelekwa India, kijiji cha Tilonia huko Rajasthan, kwenye Barefoot College, chuo kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972. Walikaa miezi sita. Kihindi hawakijui, Kiingereza hawakijui, wengine hata kusoma kulikuwa kwa shida. Walifundishwa kwa rangi za waya, kwa ishara, kwa kushika na kurudia. Walirudi wakiwa wanaunda kontrola kwa mikono yao, wanafunga na kutengeneza. Baadaye chuo cha namna hiyo kikafunguliwa Unguja, Kinyasini, ambako mafunzo ni kwa Kiswahili.

Mimi huwa najiuliza: mama aliyevuka bahari akaenda kujifunza elimu hiyo, halmashauri yake imemtumia vipi tangu arudi? Amewahi kuitwa kufundisha hata wanafunzi wa sekondari ya kata? Watafuteni. Walipwe posho ya ualimu kama mnavyowalipa wawezeshaji wa semina wanaokuja na kompyuta na kuondoka nayo. Tena kwa mila zetu za kusini, ambako nyumba na shamba mara nyingi vinafuata upande wa mama, hata kibiashara inaeleweka: mwenye kubaki na nyumba ndiye wa kufundishwa kinachoendesha taa zake. Vijana wa kiume tukishapata ujuzi tunakimbilia Dar. Najua, wanafunzi wangu wawili wa mwanzo sasa wapo Kariakoo.

Vyuo tunavyo. Kuna VETA Mtwara na VETA Lindi. Kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi: Mtawanya, Masasi, Newala, Chilala, Kilwa Masoko. Hivi vya wananchi ndivyo ninavyovipenda zaidi kwa jambo hili, maana vilijengwa kwa ajili ya mtu mzima asiye na vyeti. Kozi ya wiki mbili au tatu inatosha kumfikisha mtu mahali pa kupima, kufunga mfumo mdogo wa nyumba, na kujua wakati wa kusema "hii imenizidi." Kinachohitajika si maabara. Ni multimita za bei nafuu, betri chache nzima na chache zilizokufa, paneli moja ya kweli na moja ya uongo zikae meza moja wanafunzi wazilinganishe juani. Ya uongo nitaitoa mimi bure, ninazo.

Na sisi mafundi wa mtaani msituache nje. Serikali ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, VETA wanaupima na kutoa cheti. Leteni watahini huku Tandahimba, Liwale, Ruangwa, badala ya kusubiri tuwafuate mjini. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nao ndio wanaotoa leseni za ufungaji umeme, na huku bodaboda wanaofunga sola ni wengi kuliko wenye leseni. Mkitutisha tutafanya kazi usiku. Mkitufundisha tutapanga foleni ya leseni.

Kwa shule, mlango umeshafunguliwa. Mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi, umeanza kidato cha kwanza tangu Januari 2024 katika baadhi ya sekondari. Sekondari za Mtwara na Lindi zinazochagua amali zichague na umeme jua. Mwalimu wa fizikia anayefundisha volti na ampea kwa kuchora ubaoni, huku juu ya bati la ofisi yake kuna paneli ya kweli, atoke nje na darasa lake. Waipime saa mbili asubuhi, saa sita, saa kumi jioni. Wachore jedwali lao. Waifunike nusu kwa jani la mnazi waone kinachotokea: kivuli kidogo kinaua umeme mwingi kuliko ukubwa wake, na mtoto akishaliona hilo kwenye multimita atampandia baba yake mwembe kukata tawi.

Fedha? Hapa nawageukia viongozi wa ushirika. Zipo kampuni zinazokopesha sola kwa malipo ya kila siku au kila wiki kwa simu. Kwa mwenye duka au bodaboda ni mpango mzuri. Kwa mkulima wa korosho ni mtego, kwa sababu yeye hela anaiona mara moja kwa mwaka; ikifika Machi hana salio, na taa inazimwa kutoka mbali akiwa hajamaliza. Mfumo wa stakabadhi ghalani, wa kuuza korosho kwa pamoja kupitia ghala, tunao tangu 2007, malipo ya mkulima yanapita sehemu inayojulikana. Chama kikuu, iwe TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao, kingeweza kununua kwa pamoja vifaa vilivyokaguliwa na Shirika la Viwango (TBS), mkulima akachukua mapema, akalipa msimu ukifika. Najua neno makato linavyowasha masikio ya mkulima wa huku, na ana haki. Kwa hiyo iwe kwa anayetaka tu, kwa saini yake, na bei ibandikwe ukutani.

Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Nimeona vikundi vingi vikipewa bodaboda na mashine za kufyatulia tofali. Kikundi cha mafundi sola sijakiona, ingawa ni kazi inayofaa hata kwa mtu asiyeweza kutembea vizuri, maana nusu yake inafanyika mezani.

Kuhusu nishati jadidifu kwa upana wake, sitasema mengi. Mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na watu huku wanachanganya mambo. Ananiuliza mtu kama paneli yake ya taa itaivisha ugali. Haitaivisha, na ni vema asikie kutoka kwa mwalimu kabla hajauza mbuzi. Wenye kufundisha sola wafundishe na mipaka yake.

La mwisho ni betri zilizokufa, na hili naomba mlichukulie uzito kuliko mengine. Zinatupwa nyuma ya nyumba. Watoto wanazipasua. Pwani nimeona watu wakiyeyusha risasi ya betri kwenye kopo la maziwa, kwenye jiko la mkaa, nje ya mlango wa chumba wanacholala watoto, ili watengeneze vyuma vya kuzamishia nyavu. Moshi ule ni sumu inayoingia kwenye ubongo wa mtoto, na madhara yake hayatoki. Tindikali inamwagwa shambani. Hakuna halmashauri niliyosikia imeweka mahali pa kupokea betri hizi, wakati kila kijiji cha korosho kina ghala lenye paa, mlango, kufuli na mlinzi, ambalo miezi mingi ya mwaka liko tupu. Wekeni kona moja ya kukusanyia, mnunuzi mwenye kibali aje azichukue na mwenye betri alipwe kwa kilo. Watu watazileta wenyewe.

Mnada wa kwanza kwa kawaida ni Oktoba. Ili somo limfikie mnunuzi kabla ya muuzaji, inabidi lifanyike Agosti au Septemba, na mahali pake ni mkutano mkuu wa AMCOS, kwa sababu huo ndio mkutano ambao hakuna anayekosa. Nusu saa inatosha: futi, mzani, upande wa kaskazini, na kontrola isiguswe. Katibu wa chama chetu ameshakubali kuniazima mzani siku isiyo na mzigo. Naomba halmashauri inipatie mtu mmoja kutoka VETA au chuo cha wananchi wa kusimama nami, anisahihishe panapohitajika, na barua ya kuruhusu vijiji jirani nao tuwafikie. Nauli ya bodaboda nitajitegemea.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Fundi sola,
Wilaya ya Tandahimba, Mtwara.

Nakala:
Waheshimiwa Wabunge na Madiwani wa Mtwara na Lindi.
Wakuu wa vyuo vya maendeleo ya wananchi vya Mtawanya, Masasi, Newala, Chilala na Kilwa Masoko.
Mbao za matangazo za AMCOS.